London hadi Stockholm ni saa ngapi?





 

Ndugu wasomaji, juzi baada ya darsa ya Alasiri kijana mmoja wa madrasa yetu hapa Buyenzi, Bujumbura, alibaki nyuma wenzake walipokuwa wakikunja mikeka. Amepata nafasi ya kusoma London, na shangazi yake anaishi Stockholm, nchini Sweden. Akatuuliza: "Ustadhi, wewe umefika huko. Kutoka London hadi Stockholm ni mbali? Ndege inachukua saa ngapi? Nataka nikishafika nimzuru shangazi siku ya mapumziko."

Tukamjibu kwamba ndege inachukua saa mbili na nusu, ila sisi ilituchukua miaka miwili.

Alicheka akidhani ni mzaha wa kiwalimu. Haukuwa mzaha. Kwa kuwa familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zina watoto na ndugu waliotawanyika Ulaya, tumeona tuieleze habari yenyewe kwa kirefu, huenda ikamfaa mtu kabla hajanunua tiketi.

Tuanze na hesabu. Ukipiga mstari wa moja kwa moja kutoka katikati ya London hadi katikati ya Stockholm, utapata kama kilomita 1,433. Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow hadi uwanja wa Arlanda ni kama kilomita 1,460, maana Heathrow uko magharibi mwa London na Arlanda uko kaskazini mwa Stockholm, kila mmoja nje kidogo ya mji wake. Ndege kubwa ikishapanda juu huenda kilomita 800 na zaidi kwa saa, kwa hiyo mtu akigawa kichwani atapata chini ya saa mbili. Lakini ndege haianzi na mwendo huo. Inajikokota kwenda kwenye njia ya kurukia, inangoja zamu, inapanda, na mwisho inashuka polepole. Ndiyo maana tiketi huandikwa saa mbili na nusu hivi.

Kwa mtu wa Bujumbura, saa mbili na nusu si kitu. Gari la abiria kutoka hapa kwenda Gitega, safari ya kama kilomita 100 tu, laweza kumaliza muda kama huo kwa sababu ya milima na vituo vya njiani. Basi akili yetu ilizoea kwamba saa mbili na nusu ni kwenda Gitega kumpa mtu pole na kurudi jioni. Hapo ndipo tulipokosea.

Kaka yetu mkubwa, ambaye tumefuatana naye tumbo moja, alitoka Bujumbura mwaka 1995, wakati wa vita. Sisi tulikuwa na miaka kumi na sita, yeye ishirini na minne. Alivuka kwenda Kigoma, akakaa kambini miaka minane, kisha mwaka 2003 akapelekwa Sweden pamoja na wakimbizi wengine waliopewa makazi huko. Akaoa huko, akazaa huko. Tulikuwa tukisikia sauti yake kwenye simu kila Idi, na picha zake tuliziona. Uso kwa uso hatukuonana.

Mwaka 2014 jamaa wa Kiswahili wanaoishi mashariki mwa London walitualika kuwafundisha watoto wao kwa wiki mbili na siku kadhaa. Tulipopata viza ya Uingereza, jambo la kwanza tulilofanya ni kumpigia kaka. Yeye wakati huo figo zake zilikuwa zimeshaacha kufanya kazi, akawa anasafishwa damu kwa mashine hospitalini mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kila mara kama saa nne. Kusafiri kwake kulikuwa kugumu sana. Tukamwambia asihangaike, sisi tukishafika London tutamfuata, kwani si saa mbili na nusu tu?

Tulipofika London, mwana wa dada yetu anayekaa huko akafungua kompyuta atukatie tiketi. Bei haikuwa mbaya. Akaanza kujaza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasi. Kisha akasimama, akatugeukia, akauliza: "Mjomba, viza ya Schengen unayo?"

Tukamwonyesha viza iliyobandikwa kwenye pasi. Akaisoma, akafunga pasi taratibu na kuiweka mezani. "Mjomba, hii ni ya Uingereza peke yake. Sweden hawaitambui."

Ndugu wasomaji, tunakiri kwamba hatukujua, na kosa lilikuwa letu kwa kutouliza. Tulidhani Ulaya ni moja. Wakati ule Uingereza ilikuwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya (ilitoka tarehe 31 Januari 2020), lakini haikuwahi kujiunga na eneo la Schengen, yaani zile nchi zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao na zinazotoa viza moja ya pamoja. Sweden inafuata utaratibu huo tangu mwaka 2001. Mtu mwenye viza ya Schengen anaweza kutoka Stockholm akaenda Brussels au Paris kwa viza ile ile, lakini London haingii. Na mwenye viza ya London haingii kokote kati ya nchi hizo. Halafu viza ya Schengen kwa kawaida huombwa katika nchi unayoishi, siyo katika nchi uliyokwenda kutembea wiki mbili. Tulijaribu kuuliza huku na huko, jibu likawa ni hilo: rudi kwenu, uombee kwenu.

Sisi wenyeji wa huku tunavuka kwenda Kigoma bila viza, kwa kuwa Burundi iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Mtu akizoea hivyo husahau kwamba mahali pengine bahari si kizuizi, milima si kizuizi, ila karatasi moja ni ukuta.

Ilibidi tumpigie kaka. Shemeji alikuwa ameshanunua nyama na mchele wa pilau, na watoto walikuwa wameambiwa baba mdogo anakuja. Tukamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka kicheko chake cha zamani na kusema: "Mdogo wangu, bora ungebaki Buyenzi. Ukiwa Buyenzi najua uko mbali."

Maneno hayo yalitukaa moyoni. Kutoka Bujumbura hadi London ni karibu kilomita 6,700 kwa mstari wa moja kwa moja, na tulikuwa tumezimaliza zote. Zilibaki 1,433. Siku kumi tulizobakiza London tulizimaliza tukifundisha watoto alifu na hukumu za twahara, na kila usiku tukipanda kitandani tukikumbuka kwamba kaka yuko mahali ambapo ndege iliyoondoka baada ya Isha ingekuwa imeshatua. Tukarudi nyumbani bila kumwona.

Ikapita miaka miwili. Mwaka 2016 jamaa wale wale walituita tena, safari hii kwa ajili ya darsa za Ramadhani. Hatukurudia kosa. Miezi minne kabla tulianza kukusanya karatasi mbili mbili: barua ya mwaliko ya London na barua ya mwaliko ya kaka, bima ya safari, taarifa za benki, barua ya madrasa inayosema tutarudi kazini, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto. Viza ya Uingereza ilitoka, na ya Schengen ikafuata wiki tatu kabla ya safari. Tulisujudu sijda ya kushukuru hapo hapo sebuleni.

Tulisafiri kwenda Stockholm siku ya Jumatatu tarehe 20 Juni 2016, katikati ya Ramadhani ya mwaka 1437 Hijria. Hapa wanafunzi wa fiqhi watege sikio, maana maswali yalikuwa mengi.

La kwanza ni saumu. Aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Lakini sisi tulikuwa tumeshakaa London tangu mwanzo wa mwezi, hukumu yetu ilikuwa ya mkaazi. Na alfajiri ilitukuta tukiwa bado nyumbani. Katika madhehebu yetu ya Kishafi, kwa kauli yenye nguvu, mtu aliyeanza saumu ya siku hiyo akiwa mkaazi, kisha akasafiri mchana, hafungui kwa sababu ya safari tu, isipokuwa apatwe na dhiki. Basi tulikula daku, tukanuia, tukaondoka tumefunga.

La pili ni umbali wenyewe. Tunawafundisha vijana kwamba safari ya kupunguza Swala ni marhala mbili, ambazo wanavyuoni wengi wa leo wanazikadiria kati ya kilomita 80 na 90. Anayekwenda Rumonge kutoka hapa hafikii kiwango hicho, anayekwenda Gitega anafikia. Kila mwaka kijana mmoja huuliza: "Ustadhi, siku hizi gari na ndege ni rahisi, kwa nini mtu apunguze?" Jibu ni kwamba sharia imetazama umbali, haikutazama wepesi wa chombo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, alishaeleza katika Minhaj kwamba bahari ni sawa na nchi kavu, na mtu akizikata maili hizo kwa muda mfupi chomboni bado anapunguza. Ndege hakuiona, ila kanuni inaikuta.

La tatu ni muda, na hili ndilo watu wengi hulikosea. Tiketi yetu ilisema ndege inaondoka London saa 4:20 asubuhi na kufika Stockholm saa 7:50 mchana. Anayetoa haraka haraka anapata saa tatu na nusu. Sivyo. Saa ya kuondoka imeandikwa kwa saa ya London, na ya kufika kwa saa ya Stockholm, ambayo iko mbele kwa saa moja, kiangazi na baridi. Kwa hiyo angani ni saa mbili na nusu. Wakati wa kurudi tuliondoka saa 8:50 mchana tukafika saa 10:25 jioni. Kwa macho ni saa moja na dakika 35, na kweli yake ni saa mbili na dakika 35. Zile dakika chache za ziada ni kwa sababu upepo wa juu sana katika pande hizo mara nyingi huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Sweden unakusukuma, ukirudi Uingereza unaupinga.

Sasa ngoja tuwape muda ambao tiketi haiutaji. Tulitoka mlangoni mashariki mwa London saa 12 kasorobo asubuhi. Treni ya chini ya ardhi kupita mji mzima hadi Heathrow ilichukua saa moja na nusu. Tukapanga foleni ya mizigo, foleni ya ukaguzi, tukavua viatu na mkanda, tukangoja. Ndege ikaruka. Ikavuka Bahari ya Kaskazini, ikapita juu ya Denmark, kisha Sweden ikaanza, misitu na maziwa hayahesabiki. Abiria jirani akatuonyesha ziwa kubwa upande wa dirisha, akasema ni Vänern, kubwa kuliko yote katika nchi za Umoja wa Ulaya. Lina kama kilomita za mraba 5,650. Ziwa letu Tanganyika lina kama 32,900, ila hatukusema kitu, maana mgeni hajisifu kwa mwenyeji.

Tulipotua Arlanda tulitazama saa ya mkononi tukatabasamu. Tulipotoka Bujumbura hatukuigeuza, na muda wote wa London ilikuwa mbele kwa saa moja. Pale Arlanda ikawa sawasawa, kwa sababu Stockholm wakati wa kiangazi inakwenda saa moja na Bujumbura. Kumbe kaka miaka yote, kiangazi kikifika, alikuwa akitazama saa ile ile tunayoitazama sisi.

Afisa wa uhamiaji alituuliza maswali mengi. Tunakwenda kwa nani, tutakaa siku ngapi, tuna pesa kiasi gani, tunarudi lini. Tukatoa karatasi moja baada ya nyingine. Mwishowe akauliza mara ya mwisho kuonana na ndugu yetu ilikuwa lini. Tukamwambia ni mwaka 1995. Akatazama pasi, akatutazama, akagonga muhuri. Tukatafuta pembe tulivu tukaswali Adhuhuri rakaa mbili, kwani tulikuwa bado njiani. Kibla tulikitafuta kwa dira: London ni nyuzi 119 kutoka kaskazini, Stockholm ni nyuzi 148, wakati hapa Bujumbura tunaelekea karibu kaskazini moja kwa moja, nyuzi 22. Anayehama mji bila kuuliza Kibla anaweza kuswali ameelekea kwingine kabisa.

Baada ya hapo treni hadi katikati ya mji, kisha treni ya chini ya ardhi hadi mtaa anaokaa kaka. Tulibisha mlango saa 10:40 jioni. Ukiondoa ile saa moja ya tofauti, safari ya saa mbili na nusu ilikuwa imechukua karibu saa kumi kutoka mlango hadi mlango. Ndege yenyewe ilikuwa robo tu ya safari.

Mlango ulifunguliwa na kaka mwenyewe.

Tulimwacha kijana mwenye mabega mapana aliyekuwa akitubeba mgongoni kuvuka maji ya mvua. Aliyetufungulia alikuwa mzee mwembamba, mkono wake wa kushoto umevimba mahali wanapochoma sindano za mashine. Hakusema kitu. Akatushika kichwa kwa mikono miwili kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo, akakigeuza huku na huku. Kisha akasema: "Umezeeka." Tukalia wote wawili pale mlangoni hadi shemeji akatuvuta ndani.

Jua la Stockholm siku zile halina haraka. Kwetu mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima. London mwezi wa Juni tangu jua kuchomoza hadi kuzama ni zaidi ya saa kumi na sita na nusu, na Stockholm ni zaidi ya saa kumi na nane na nusu. Jua lilizama saa 4:08 usiku. Hili ni fumbo zuri kwa wanafunzi: kwa saa ya London hiyo ni saa 3:08, na London siku ile jua lilizama saa 3:21. Kwa hiyo tulifuturu kabla ya jamaa zetu wa London, ingawa saa ya ukutani ilionyesha tumechelewa. Msafiri anafungua kwa jua la mahali alipo, si la alikotoka wala la saa ya mkononi.

Kaka hakuwa amefunga, kwa udhuru wa maradhi. Hata hivyo alikataa kula tangu mchana akitungoja. Tende hakuruhusiwa, kwa kuwa tende zina potasiamu nyingi ambayo figo zake hazikuweza kuitoa, na hata maji alipimiwa. Ilipofika Magharibi alichukua tende moja kwenye sahani, akaipangusa, akatutia mdomoni kwa mkono wake. Yeye akanywa funda moja la maji. Tulipopanga safu tukamwambia aswalishe, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye mwenye nyumba. Akaswalisha amekaa kitini, nasi tumesimama nyuma yake pamoja na wanawe wawili, kama inavyofaa kwa asiyeweza kusimama. Sauti yake ya kusoma Fatiha ilikuwa ile ile ya marehemu baba.

Tulikaa naye siku sita. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi tulikwenda naye hospitalini, tukakaa kando ya mashine tukimsomea Qur'ani na kumpa habari za mtaa: nani amekufa, nani ameoa, mwembe wa nyumba ya nyanya umekatwa. Tukarudi London Jumapili, na baada ya Idi tukarudi Bujumbura.

Februari 2017, miezi minane baadaye, simu iliita usiku. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kaka alikuwa ametangulia. Viza ile ilikuwa imeshakwisha muda wake, na mazishi hayangoji karatasi. Alizikwa huko, nasi tukamswalia Swala ya ghaibu hapa Buyenzi, kwa madhehebu yetu inayoiruhusu. Tulihuzunika, lakini hatukubaki na lile jeraha la mwaka 2014. Lau tungekosea mara ya pili, neno lake la mwisho kwetu lingekuwa lile la kwenye simu, kwamba bora tungebaki Buyenzi.

Basi kwa kijana wetu, na kwa kila mzazi anayemsafirisha mwanawe, tunausia haya:

Kwanza, ukialikwa mji mmoja wa Ulaya na una ndugu mji mwingine, usitazame ramani, tazama pasi yako. Uliza viza mapema, kabla hujatoka kwenu. Leo eneo la Schengen lina nchi 29, na Uingereza si mojawapo. Na kama utaingia Schengen, utoke kwenda London, kisha urudi tena Schengen, hakikisha viza yako ni ya kuingia zaidi ya mara moja.

Pili, saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika. Toa tofauti ya saa ndipo ujue muda wa angani, kisha uhesabu mlango kwa mlango. Ukiambiwa saa mbili na nusu, andaa siku nzima.

Tatu, jifunze hukumu za Swala na saumu ya msafiri kabla ya kusafiri. Angani hakuna wa kumuuliza.

Nne, usimwahidi mgonjwa kwamba unakuja mpaka uwe na hakika. Mgonjwa huhesabu siku kuliko sisi wazima.

Na la mwisho, unga undugu ungali unaweza. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayependa kukunjuliwa riziki yake na kurefushiwa umri wake, basi aunge undugu wake. Tunaposoma hadithi hiyo madrasani huwa tunaisoma kama habari ya kutembeleana mtaani. Tangu Stockholm tunaisoma pamoja na foleni, barua za benki na miezi ya kungoja muhuri, maana kwa wengi wetu leo huko ndiko kuunga undugu kulikohamia.

Kijana ametuahidi kwamba wiki hii ataanza kuuliza viza zote mbili kwa pamoja. Tumemwambia akifika kwa shangazi yake atupigie simu. Kama ni kiangazi, hatakuwa na haja ya kuuliza huku ni saa ngapi.

Tunamuomba Allah awarehemu waliotutangulia, awaponye wagonjwa wetu, awakutanishe waliotenganishwa na vita na mipaka hapa duniani, na atukutanishe sote katika Pepo yake. Amin.